Kupima oksijeni kwenye majitaka: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Tuna karakana ndogo Mabibo, Dar es Salaam, chumba kimoja cha mbele kwenye nyumba ya kupanga. Tuko watatu: mimi nilisomea kemia, mwenzangu mmoja ni mtu wa umeme, mwingine ni fundi wa kuchomelea ambaye hakuna bomba linalomshinda. Tunatengeneza vifaa vya kupima oksijeni iliyoyeyuka kwenye majitaka. Wanaotuuliza ni wanafunzi, wasimamizi wa mitambo ya hoteli na viwanda, wafugaji wa samaki na majirani wanaotuona tunarudi na mabuti yenye tope. Maswali yanajirudia, ndiyo maana nimeyaandika hapa pamoja na majibu.

Oksijeni kwenye majitaka? Si uchafu tu ule?

Maji yoyote yanayogusana na hewa huyeyusha oksijeni kidogo. Maji safi ya nyuzijoto 20 yakishiba huwa na miligramu 9 hivi kwa lita. Yakipata joto la nyuzi 30, kama maji yetu ya Januari na Februari, hayawezi kubeba zaidi ya 7.5 hivi. Sukari huyeyuka zaidi kwenye chai ya moto, lakini oksijeni huukimbia moto. Kwa hiyo jiji la joto kama Dar es Salaam linaanza na akiba ndogo kuliko jiji la baridi, hata kabla mtu hajamwaga ndoo ya kwanza.

Ndani ya majitaka kuna bakteria wanaokula kinyesi, mabaki ya chakula, damu ya machinjioni na mafuta ya jikoni. Wanakula huku wakipumua. Oksijeni ikiwatosha, wanaubadili uchafu kuwa maji, hewa ya ukaa na miili yao wenyewe. Ikiisha, zamu inashikwa na bakteria wasiohitaji oksijeni, na kazi yao ndiyo inayotoa ile gesi ya mayai viza. Harufu inayoingia dirishani mwa daladala ni taarifa kwamba mahali fulani oksijeni imefika sifuri. Pua hukuambia mambo yakishaharibika. Kifaa kinakuambia kwamba bado ipo 1.5 na inashuka, wakati una nafasi ya kuwasha mashine ya hewa au kufunga mlango wa maji.

Kwa nini msipime uchafu wenyewe?

Kwa sababu uchafu una majina elfu moja. Maji ya kiwanda cha bia, ya hospitali na ya nyumba za Manzese hayana vitu vinavyofanana. Jambo moja tu linaviunganisha: vyote vikiingia mtoni vitaila oksijeni ya mto. Kwa hiyo badala ya kuuhesabu uchafu, tunapima njaa yake.

Kipimo chenyewe kinaitwa mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia. Unachukua sampuli, unaipunguza ukali kwa maji safi yaliyoshiba hewa, unapima oksijeni, unafunga chupa isibaki hata povu moja la hewa, unaiweka gizani siku 5 kwenye nyuzijoto 20, kisha unapima tena. Kilichopungua ndicho kilicholiwa. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinataka maji yanayotoka mtamboni kwenda mtoni yasizidi miligramu 30 kwa lita kwa kipimo hiki.

Siku 5 na ubaridi ule vina historia yake. Vilitoka Uingereza, kwenye Tume ya Kifalme ya Majitaka iliyoteuliwa mwaka 1898. Ripoti yake ya nane, ya mwaka 1912, ndiyo iliyoweka kikomo cha 20 kwa mahitaji ya oksijeni na 30 kwa chembe zinazoelea. Kule kabati la sampuli lina kazi ya kupasha joto. Hapa kwetu kabati hilohilo lina kazi ya kupoza. Umeme ukikatika usiku, sampuli za Uingereza hupoa, zetu hupata joto. Kwenye nyuzijoto 30 bakteria wanakula kwa kasi ya takriban mara moja na nusu kuliko kwenye nyuzijoto 20, basi jibu linatoka kubwa kuliko ukweli. Mara mbili tumelazimika kumwaga sampuli za siku nne kwa sababu ya usiku mmoja usio na umeme. Ukifungua maabara yako ya kwanza, nunua betri ya kabati kabla ya kununua kiti cha ofisini.

Vifaa hivi si vipo tayari? Mnabuni nini?

Vipo, na tunawaheshimu waliovibuni, kwa hiyo naomba nilijibu swali hili kwa urefu.

Mwaka 1888 kijana wa Budapest, Lajos Winkler, alionyesha namna ya kuikamata oksijeni ndani ya chupa kwa kemikali na kuihesabu. Njia yake bado ndiyo tunayoiendea pale vifaa viwili vikibishana. Kasoro yake ni moja: inakupa namba moja ya wakati mmoja, na mtu lazima awepo.

Hatua kubwa iliyofuata haikutoka kwenye majitaka kabisa. Ilitoka kwenye damu. Leland Clark, mtafiti wa Ohio, Marekani, alikuwa ametengeneza mashine ya kuitia damu oksijeni nje ya mwili, lakini hakuwa na njia ya kuonyesha kwamba oksijeni imeingia kweli. Mwaka 1954 akapata wazo la kuziweka elektrodi zote mbili, yaani vile vipande vya metali vinavyopitisha umeme, nyuma ya utando mmoja wa plastiki ya polithini. Oksijeni inapenya utando, damu haipenyi. Kile kilichozuia damu isichafue elektrodi ndicho kinachozuia majitaka yasiichafue. Kila nikishika kihisi cha aina hii nakumbuka kwamba kilizaliwa kwa ajili ya mgonjwa.

Kizazi cha tatu ni cha mwanga, ambacho kilienea kwenye mitambo ya majitaka miaka ya 2000. Nitakieleza chini.

Sasa, sisi tunabuni nini? Kihisi chenyewe kimeshabuniwa. Ambacho hakijabuniwa vya kutosha ni kifaa kitakachokaa kwenye bwawa letu, kwa joto letu, mafuta yetu na umeme wetu, kwa miezi, kiwe bado kinasema kweli, na kikiharibika kitengenezeke kwa vitu vinavyopatikana kwenye maduka ya Kariakoo na Gerezani. Tuliwahi kuagiza kifaa kizuri sana kutoka nje. Kofia ya utando ilichanika mwezi wa pili. Wakala akatuambia tusubiri, tukasubiri hadi mvua za masika zikapita, na kifaa cha bei ya pikipiki mpya kikakaa kabatini kwa kukosa kipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kifuniko cha soda. Karakana yetu ilianzia kwenye kusubiri kule.

Njia ya Winkler bado inafaa? Inafanywaje?

Inafaa, na ningependa kila mwanafunzi aifanye walau mara kumi kabla ya kugusa kifaa cha umeme, kwa sababu ndiyo njia pekee ambayo oksijeni unaiona kwa macho.

Unajaza chupa ya mililita 300 polepole bila kuchurura, maana kuchurura kunaingiza hewa. Unaongeza manganizi salfeti, kisha mchanganyiko wa ayodidi na magadi makali, ukizamisha ncha ya pipeti chini ya uso wa maji. Unafunga na kugeuza chupa juu chini. Hapo ndipo penye utamu. Kama hakuna oksijeni, wingu linalotokea ni jeupe kama maziwa ya unga. Kama ipo, linageuka kahawia, na kadiri oksijeni inavyozidi ndivyo kahawia inavyokolea. Chupa ya maji ya bwawa la kwanza na ya bwawa la mwisho zikisimama pamoja juu ya meza, hata mtoto wa darasa la tatu atakuambia ipi ni ipi.

Ukishaliacha wingu litulie, unaongeza asidi ya salfuriki, wingu linayeyuka, maji yanakuwa ya rangi ya chai ya rangi: hiyo ni ayodini. Unachukua mililita 200, unadondoshea sodiamu thayosalfeti ya nguvu ya molari 0.025 hadi rangi ipauke, unatia wanga kidogo ili igeuke buluu, unaendelea tone kwa tone mpaka buluu ipotee. Kwa vipimo hivi, kila mililita 1 uliyodondosha ni miligramu 1 ya oksijeni kwa lita. Hesabu imeisha.

Kwenye majitaka ongeza azidi ya sodiamu katika ule mchanganyiko wa magadi, la sivyo naitraiti itakudanganya. Azidi ni sumu kali, usiimwage kwenye sinki la bomba la chuma.

Kihisi cha elektrodi kinafanyaje kazi?

Kuna aina mbili. Ya Clark ina kathodi ya platinamu au dhahabu na anodi ya fedha, ndani ya maji ya chumvi ya potasiamu kloridi. Unaipa volti 0.7 hivi. Oksijeni inayopenya utando inapokea elektroni kwenye kathodi, na mkondo mdogo wa umeme unapita. Oksijeni nyingi, mkondo mkubwa.

Aina ya pili ni ya galvaniki. Hii ni betri ndogo inayotumia oksijeni kama chakula: kathodi ya fedha, anodi ya risasi au zinki. Haihitaji kupewa volti, yenyewe inatoa milivolti. Kwa anayeanza napendekeza hii, kwa sababu saketi yake ni rahisi na haina haja ya kusubiri itulie baada ya kuwashwa. Anodi yake inaliwa taratibu hata ikiwa kabatini, kwa hiyo ina umri.

Zote mbili zina tabia moja ambayo watu huisahau: zinakula oksijeni zinayoipima. Ukizizamisha kwenye maji yaliyotulia, zitamaliza oksijeni iliyo mbele ya utando na namba itashuka hata kama bwawa liko sawa. Maji lazima yatembee. Ukiwa na kifaa cha mkononi, kizungushe taratibu kama unayekoroga uji.

Na kile cha mwanga?

Unapaka kijidirisha rangi maalumu. Unaimulika kwa mwanga wa buluu, nayo inajibu kwa mwanga mwekundu. Molekuli ya oksijeni ikiigusa rangi, inauzima mng'ao kabla haujamaliza muda wake. Kwa hiyo oksijeni ikiwa nyingi, mng'ao unakufa mapema. Uhusiano huu wa hesabu uliandikwa na Otto Stern na Max Volmer mwaka 1919.

Kinachopimwa ni muda wa mng'ao. Ukali wa mwanga hauaminiki, kwa sababu unapungua kioo kikichafuka na rangi ikichakaa, wakati muda haubadiliki kwa urahisi hivyo. Rangi ya rutheniamu hung'aa kwa takriban mikrosekunde 5 pasipo oksijeni. Rangi ya platinamu na pofirini hufika mikrosekunde 60 hivi. Sisi tumechagua ya platinamu kwa sababu hiyohiyo: saketi ya bei ndogo haiwezi kuukimbiza muda wa mikrosekunde 5, lakini wa 60 inauweza. Unawasha na kuzima taa ya LED mara 2,500 hivi kwa sekunde na kuangalia mwekundu unachelewa kiasi gani nyuma ya buluu.

Rangi yenyewe ni ghali, lakini miligramu chache zinatosha vihisi vingi. Tunaiyeyusha pamoja na polistairini, tunapaka safu nyembamba, kisha juu yake silikoni nyeusi ili mwani na jua visiingilie mazungumzo ya mwanga. Kihisi hiki hakili oksijeni, hakihitaji maji yatembee, na gesi ya mayai viza, ambayo huua elektrodi za fedha, hakiijali.

Kifaa changu kinafanya kazi vizuri kwenye ndoo, kikifika bwawani kinakufa. Kwa nini?

Hili ndilo swali lenyewe. Karibu kila mbunifu aliyetuletea kifaa chake alikuja na swali hili, na sisi tulilibeba kwa mwaka mzima.

Kwenye ndoo hakuna anayeishi. Bwawani kila kitu kinachokaa majini kinageuzwa nyumba. Siku ya kwanza kihisi kinang'aa. Siku ya tatu ukikipitisha kidole unasikia utelezi kama wa bamia. Huo utelezi ni bakteria, na wanapumua. Kihisi sasa hakipimi bwawa, kinapima utelezi uliokaa juu yake. Ubaya ni kwamba namba haipotei wala kuruka. Inashuka taratibu, kwa heshima, kama vile bwawa ndilo linalozidi kuchafuka. Tulishawahi kumwandikia msimamizi wa mtambo mmoja kwamba hali yake inaharibika, akaongeza hewa, akaongeza bili ya umeme, na kumbe tatizo lilikuwa utelezi wetu. Tulirudi tukamwomba radhi.

Ongeza mafuta ya jikoni yanayoganda kwenye utando, nywele, vipande vya nguo na vifungashio vya plastiki vinavyojisokota kwenye waya. Ongeza hewa ya chumvi ya pwani inayokula viunganishi vya shaba. Na ongeza mtu anayepita akadhani waya wa shaba ni mali isiyo na mwenyewe.

Tulijaribu brashi ya kusugua, ikakusanya nywele mpaka ikawa yenyewe ni uchafu. Tulijaribu kupuliza hewa kwa pampu ya samaki wa mapambo, ikasaidia kwa wiki mbili. Kilichofanya kazi ni wazo la fundi wetu: kwa nini kihisi kikae majini muda wote wakati tunasoma mara moja kila nusu saa? Akachukua mota ya waipa ya gari kutoka Gerezani, akachomelea mkono wa bomba, na sasa kihisi kinachovywa kwa dakika tatu, kinasoma, kinanyanyuliwa. Muda uliobaki kinaning'inia juu, kinakauka, na utelezi haupati raha ya kukua.

Faida ya pili hatukuitarajia. Kikiwa juu, kihisi kinaisoma hewa, na hewa ina oksijeni ileile leo na kesho, takriban asilimia 21. Kila nusu saa kifaa kinajikagua chenyewe. Baadaye tulijifunza kwamba vifaa vinavyoelea baharini vya mradi wa Argo hutumia njia ya namna hiyo vinapoibuka juu. Tulifurahi sana kujua kwamba tumefika mahali sahihi kwa njia ya waipa.

Bado kuna kazi. Nyigu walijenga ndani ya bomba la mkono. Yangeyange wanaupenda mkono kama kitu cha kusimamia, na kinyesi chao kikidondokea kioo ni kigumu kuliko utelezi wowote.

Mnapima saa ngapi?

Mwanzoni tulikuwa tunakwenda saa nne asubuhi, baada ya foleni kupungua. Namba zilikuwa nzuri, mara nyingine nzuri mno: bwawa la mwisho lilitupa miligramu 15 kwa lita, zaidi ya maji safi yaliyoshiba. Tukadhani kifaa kimeharibika. Mzee anayelinda bwawa alitusikia tukibishana. Nilikuwa nimeshamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Binti, hilo bwawa mchana linacheka. Njoo kabla ya adhana ya alfajiri ulione."

Tulikwenda saa kumi na moja alfajiri na tochi. Ilikuwa 0.4.

Maelezo ni mwani. Mabwawa mengi ya majitaka ya Dar es Salaam, kama Vingunguti na yale ya Chuo Kikuu, ni mabwawa ya kutulizia maji, hayana mashine za hewa. La kwanza lina kina kirefu, halina oksijeni kabisa na halitakiwi kuwa nayo. Yanayofuata ni ya kina kifupi na ya kijani, na kijani hicho kinatengeneza oksijeni jua likiwaka. Jua likizama, mwani unabaki kupumua tu kama sisi. Kwa hiyo namba ya saa nane mchana na namba ya alfajiri ni za bwawa moja na hazifanani hata kidogo. Ripoti yenye kipimo kimoja cha mchana haijasema uongo, lakini imesimulia nusu ya siku. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kutaka kifaa kinachokaa pale usiku kucha.

Ugezi, yaani kukirekebisha kifaa kisome sawa, unafanywaje?

Unahitaji nukta mbili. Ya juu ni hewa yenye unyevunyevu: weka sifongo mbichi ndani ya chupa, ingiza kihisi bila kugusa maji, subiri dakika kumi na tano. Ya chini ni sifuri: kijiko cha chai cha sodiamu salfaiti kwenye glasi ya maji huila oksijeni yote. Kila miligramu 1 ya oksijeni inahitaji miligramu 8 hivi za salfaiti, kwa hiyo kijiko ni zaidi ya kutosha.

Usisahau kipimajoto. Joto likikosewa kwa nyuzi moja, oksijeni inakosewa kwa asilimia mbili hivi kabla hujafanya kosa lingine lolote. Na ukipima karibu na Daraja la Selander, ambako Mto Msimbazi unakutana na bahari, weka kiwango cha chumvi, kwa sababu maji ya bahari ya nyuzijoto 25 hushiba kwenye 6.7 hivi wakati maji yasiyo na chumvi ya joto hilohilo hushiba kwenye 8.3.

Mimi ni mfugaji wa sato. Kifaa chenu kinanifaa?

Ndiyo, na kwako kazi ni rahisi zaidi. Lenga 5 na kuendelea. Ukiona chini ya 2 alfajiri, washa pampu kwanza, maswali baadaye.

Hoteli yetu ina mtambo wa mashine za hewa. Tunafaidika nini?

Umeme. Kwenye mitambo ya aina hii kupuliza hewa mara nyingi hula nusu ya umeme wote au zaidi. Wengi huziacha mashine zikiunguruma usiku na mchana kwa hofu. Bakteria wenyewe wanaridhika na miligramu 2 hivi kwa lita; ukiwapa 6 unalipia hewa isiyoliwa. Kifaa kikiunganishwa na swichi ya mashine, kinawasha kwenye 1 na kuzima kwenye 2.5. Lakini kisome kwa wiki mbili kwanza bila kukiunganisha na chochote, mjuane.

Mnaweza kukipanga kisionyeshe namba mbaya wakaguzi wakija?

Tumeulizwa hivi zaidi ya mara moja, mara moja na kiwanda ambacho kilikuwa tayari kutulipa mara mbili ya bei. Hapana. Tulirudisha malipo ya awali, na mwezi ule kodi ya karakana tuliikopa. Maji ya kiwanda kile yanaelekea bondeni, na bondeni kuna watu wanaomwagilia mchicha unaoliwa mjini kote, pamoja na nyumbani kwangu. Namba mbaya ikionekana mapema inarekebishika. Tunaweza kukaa na wewe tukatafuta inatokea wapi, na hiyo kazi ya siku ya kwanza hatuitozi.

Nataka kutengeneza cha kwangu. Nianzie wapi?

Anza na galvaniki. Tafuta waya wa fedha, kipande cha zinki kutoka betri kavu ya zamani, bomba dogo la plastiki, maji ya chumvi, na plastiki nyembamba ya kufungia vyakula kama utando, iliyovutwa iwe ngozi ya ngoma bila kiputo chini yake. Pima milivolti kwa mita ya kawaida ya fundi umeme. Ndani ya glasi ya salfaiti lazima ishuke, hewani lazima ipande. Ikishafanya hivyo mara ishirini bila kubadilika sana, ndipo uongeze kompyuta ndogo ya Arduino na kikuza mawimbi.

Usianze na programu ya simu. Tumeona vifaa vingi vyenye skrini nzuri na grafu za rangi, na chini yake kihisi ambacho hakijawahi kulinganishwa na chupa moja ya Winkler.

Ninaweza kwenda kupima bwawani au mtoni bila ruhusa?

Mabwawa ya umma yako chini ya DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji, kwa hiyo andika barua, eleza unachopima na muda gani. Ya kiwanda, omba kiwanda. Na ukitaka namba zako zitumike rasmi, sampuli lazima zipitie maabara inayotambulika. Taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira haitafanya uamuzi kwa kifaa cha karakana, na ni haki yake. Kipimajoto chako na mizani yako unaweza kuvipeleka TBS, shirika la viwango, kwa ugezi.

Na hataza, ile haki ya kulinda ubunifu?

Kwa Tanzania Bara maombi hupelekwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Usiuonyeshe ubunifu wako hadharani, hata kwenye mashindano, kabla ya kuwasilisha maombi, kwa sababu upya wa wazo ndio unaoangaliwa. Sisi hatukuomba hataza ya mkono wa waipa. Tungependa uigwe.

Ni hatari?

Ndiyo, na hapa naomba msomaji asiruke mistari. Gesi ya mayai viza inanukia ikiwa kidogo sana, lakini ikizidi sehemu 100 kwa milioni inaua uwezo wa pua kunusa. Unadhani imeisha, kumbe imezidi. Ikifika sehemu 500 na zaidi, mtu anaanguka kwa muda mfupi. Usiingie kwenye chemba wala shimo kuokota kihisi kilichodondoka. Mwenzako akianguka humo, usimfuate. Wanaokufa mashimoni mara nyingi ni wawili, na wa pili ni yule aliyeshuka kuokoa. Sisi tuna sheria: kilichodondoka shimoni kimekwenda. Tumeshapoteza vihisi viwili hivyo na hatujuti.

Mengine ni ya kawaida lakini yafanyeni: glavu, mabuti, chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini, sabuni ndani ya gari, na hakuna kula karanga kando ya bwawa.

Nina kihisi cha elektrodi kilichokaa stoo miaka miwili. Nikitupe?

Usikitupe bado. Fungua kofia, mwaga maji ya ndani. Kama fedha imekuwa nyeusi, isugue taratibu kwa karatasi ya msasa laini kabisa uliyolowanisha, suuza kwa maji yaliyochujwa. Weka maji mapya ya chumvi na utando mpya, hakikisha hakuna kiputo, kiache usiku mmoja. Asubuhi kizamishe kwenye salfaiti. Kikishuka hadi karibu na sifuri ndani ya dakika mbili au tatu, kipeleke hewani ukione kikipanda. Kikigoma kushuka, tuletee. Mara nyingi ni utando uliovuja, na kipande cha kuukata upya tunacho.